Kipimo Kiwe Kimoja

Mwezi Aprili 2023 mtandao wa Twitter, ambao siku hizi huitwa X, ulibandika maneno machache kando ya jina la shirika la utangazaji la Uingereza, BBC. Maneno hayo yalisema kuwa BBC ni chombo cha habari kinachogharimiwa na serikali. BBC ilipinga mara moja, ikaeleza kuwa ni shirika huru na kwamba fedha zake hutoka kwa wananchi wa Uingereza wanaolipa ada ya leseni ya televisheni. Baada ya siku chache maneno yakabadilishwa, ikasemwa kuwa BBC hulipiwa na umma. Huko Marekani televisheni ya PBS na redio ya NPR, ambazo nazo zilipewa lakabu, ziliacha kuutumia mtandao huo. Kabla mwezi haujaisha lakabu zote zilifutwa, za Uingereza na Marekani pamoja na za Urusi na China.

Watu wengi waliyachukulia mambo hayo kuwa ugomvi wa tajiri Elon Musk na waandishi wa habari, wakaendelea na shughuli zao. Lakini jambo lenyewe lilikuwa na mzizi mrefu zaidi. Tangu Agosti 2020 mtandao huo huo, kabla haujanunuliwa na Musk, ulikuwa ukivibandika vyombo kama RT ya Urusi na Xinhua ya China lakabu ya kuhusiana na dola. Kanuni za wakati huo ziliitaja BBC na NPR kwa majina kuwa mifano ya vyombo vinavyopokea fedha za dola lakini vyenye uhuru wa uhariri, na kwa hiyo havistahili lakabu. Kwa karibu miaka mitatu hazikusikika kelele kubwa kutoka London wala Washington. Lakabu ilionekana kuwa elimu kwa msomaji ilipokuwa juu ya jina la jirani. Ilipohamia nyumbani ikawa matusi. Wahenga walikwisha kusema: ukipenda, chongo huita kengeza.

Haki inadai isemwe pia kwamba BBC si RT. Watangazaji wa BBC huwahoji mawaziri wa Uingereza kwa ukali, na mawaziri hao hurudi tena kuhojiwa. Urusi ilipitisha sheria Machi 2022 ya kumfunga hadi miaka 15 mtu atakayetangaza habari ambazo serikali inaziita za uongo juu ya majeshi yake; katika hali hiyo hakuna mhariri wa Moscow awezaye kuihoji vita ya Ukraine. Tofauti hiyo ni kubwa, na asiyeiona amefumba macho kwa makusudi. Lakini tofauti huthibitishwa kwa kueleza mambo yalivyo. Haifichwi ndani ya neno moja, "huru" kwa huyu na "kasuku" kwa yule, kisha msomaji akaambiwa asiulize zaidi.

Ni nani humteua mwenyekiti wa BBC? Huteuliwa kwa mapendekezo ya serikali. Ni nani hupanga kiwango cha ada, ambacho mwaka 2023 kilikuwa pauni 159 kwa mwaka? Ni serikali. Tarehe 28 Aprili 2023, mwezi ule ule wa ugomvi wa lakabu, mwenyekiti Richard Sharp alijiuzulu. Uchunguzi ulikuwa umeonyesha kuwa alivunja kanuni za uteuzi kwa kutoeleza jinsi alivyohusika na mipango ya dhamana ya mkopo wa hadi pauni 800,000 wa Boris Johnson, Waziri Mkuu ambaye serikali yake ndiyo iliyompendekeza. Mwenyewe alisema hakukusudia kuficha. Mambo hayo hayaifanyi BBC kuwa msemaji wa serikali. Hata hivyo, msikilizaji anayeambiwa kila siku kuwa shirika hilo ni huru ana haki ya kuyajua. Nayo PBS, iliyochukizwa na lakabu, ilipata funzo chungu Julai 2025, Bunge la Marekani lilipofuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa utangazaji wa umma. Mkono unaotoa ndio unaoweza kuzuia.

Wako wanaodhani kuwa dawa ya maradhi haya ni televisheni ya mtu binafsi. Nao waitazame Aprili hiyo hiyo. Tarehe 18, televisheni ya Fox News, iliyoanzishwa mwaka 1996 chini ya tajiri Rupert Murdoch, ilikubali kulipa dola milioni 787.5 kwa kampuni ya mashine za kupigia kura ya Dominion. Fox ilikuwa imetangaza madai kuwa mashine hizo zilitumiwa kuiba kura katika uchaguzi wa Rais wa 2020. Jaji alikwisha kuamua kuwa madai hayo yalikuwa ya uongo, na barua za ndani zilionyesha kuwa baadhi ya watangazaji wenyewe hawakuyaamini. Fox haikupata kubandikwa lakabu yoyote ya dola, na kwa miaka mingi ilijitangaza kuwa yenye haki na mizani. Wapinzani wake nao walizitazama MSNBC na CNN, na wafuasi wa Fox waliziita hizo wasemaji wa chama cha Democratic. Kila kundi humwona kasuku katika nyumba ya mwenzake. Mwamba ngoma huvutia kwake, awe waziri au awe bepari.

Nchi changa ziliyajua haya zamani. Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi mwaka 1976 ulifungua njia ya kuundwa kwa tume ya Sean MacBride, ambayo taarifa yake ya mwaka 1980 ilionyesha jinsi habari za dunia zilivyokuwa zikitoka upande mmoja tu. Marekani ilijitoa UNESCO mwishoni mwa 1984 na Uingereza mwaka 1985. Miongoni mwa malalamiko yao lilikuwa hili, kwamba serikali zilitafuta njia ya kuwatawala waandishi. Hofu hiyo haikuwa ya bure kabisa, kwa maana baadhi ya serikali zilizodai haki kwa sauti kubwa ugenini zilikuwa zikiwafunga waandishi wao nyumbani.

Mambo haya yanamhusu mwalimu na mtumishi wa umma wa Afrika Mashariki. Matangazo ya Kiswahili ya BBC yalianza mwaka 1957, na yale ya Deutsche Welle, inayogharimiwa na bajeti ya Ujerumani, mwaka 1963. Televisheni ya China ilifungua kituo chake Nairobi mwaka 2012. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kuwa kituo fulani ni huru na kingine ni propaganda, pasipo kutoa sababu, amepokea hukumu iliyoandikwa kwingine na kuisoma kama yake. Anayesema kuwa wote ni waongo sawasawa amejipumzisha kufikiri.

Maswali manne yanatosha darasani na ofisini. Ni nani mwenye chombo hiki? Ni nani anayekilipia? Ni nani humteua na kumwachisha kazi mhariri wake? Na ni lini chombo hiki kilitangaza jambo lililomuudhi huyo anayekilipia? Maswali hayo yaulizwe kwa London, Moscow, Doha, Beijing na New York bila kubadilisha hata neno moja.

Yaulizwe nyumbani pia. Gazeti la chama linatangaza wazi ni la nani, na kwa matatu ya kwanza halina haja ya kusita. La nne ndilo gumu, na gazeti litakalolikimbia halitakuwa na haki ya kuwauliza wengine. Mfanyabiashara mwenye pishi mbili, moja ya kununulia na nyingine ya kuuzia, sokoni huitwa mwizi. Anayetaka kupima ukweli wa wenzake na aanze kwa kuiweka pishi yake mezani, ionekane na kila mtu.