Ufunguo wa Maabara Uko kwa Nani?

Ndugu wanachama, mnakumbuka jinsi ilivyokuwa mwaka 2014 na mwaka 2015. Hapakuwa na tawi ambalo halikuguswa na habari ya maabara. Ilitakiwa kila shule ya sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu: cha fizikia, cha kemia na cha baiolojia. Wananchi tulichangishwa. Wengine walitoa fedha, wengine mifuko ya saruji. Akina mama walibeba mchanga na maji vichwani, na vijana walifyatua matofali. Chama chetu kilikuwa mbele katika kazi ile, wala hatuoni haya kujisifu kwa hilo.

Leo twataka kuuliza swali moja tu, na twawauliza wanachama wenzetu kwanza kabla ya kumwuliza mtu mwingine yeyote. Ufunguo wa maabara ya kata yako uko kwa nani, na mlango ule ulifunguliwa lini mara ya mwisho?

Tumepita katika shule kadhaa tukatazama kwa macho yetu. Katika shule moja tulikuta chumba cha kemia kimejaa magunia ya mahindi na viti vilivyovunjika miguu. Katika shule nyingine vyombo vya kioo vimo ndani ya maboksi yake, havijafunguliwa, kwa kuwa mkubwa wa shule anaogopa vikivunjika ataulizwa yeye. Katika shule ya tatu sinki zimo na mabomba yamo, lakini maji hayajapata kufika hata siku moja. Mwalimu, mtu mwenye bidii, alikuwa akiwachorea watoto bureti ubaoni. Watoto wakaichora kwa rula, wakaiandikia majina ya sehemu zake, wakapata vema. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepata kuishika.

Hatusemi kwamba nchi nzima iko hivyo. Zipo shule ambazo kila juma watoto huvaa makoti yao meupe wakapima, wakachemsha, wakakosea, wakarudia. Walimu wa shule hizo twawapongeza kwa dhati. Lakini pongezi kwa mmoja hazimfundishi mtoto wa shule ya pili.

Wapo watakaosema, "Haya ni mambo ya walimu; Chama kinahusika nini?" Twawajibu hivi. Mwalimu Nyerere alipata kueleza kwamba Waingereza walipoondoka, baada ya kututawala kwa miaka 43, walituachia madaktari 12 na wahandisi wawili. Chama kilichopigania Uhuru hakikusema hayo ni mambo ya walimu. Tulitangaza vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi, na katika vita hiyo elimu ya sayansi ni silaha. Tena katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi wa Machi 1967, Mwalimu alitaja mambo matatu ambayo elimu yetu iyajenge katika kila raia, na la kwanza lilikuwa akili yenye kuuliza na kutafuta. Hakuanza na cheti, wala hakuanza na majengo.

Sasa tuitazame akili hiyo ikiwa kazini. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwapo kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba. Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu kwa maziwa. Waliyachemsha, wakachanganya na sukari, wakangoja yapoe ndipo wakayatia katika friji. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo na wenziwe walikuwa wakiiwahi, basi Mpemba akayatia ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi akakuta yake yameganda, na ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha bado ni ya majimaji. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Mpemba hakuliacha swali lake. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa zima likacheka, na tangu hapo kila alipokosea walimtania kwa maneno hayo. Yeye akangoja. Siku moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi. Akaingia, akatia maji ya bomba katika chombo kimoja na maji ya moto katika kingine, akaviweka mahali pa kugandishia barafu, na akaona jambo lile lile. Kisha alikuja mgeni, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza. Wenzake wakacheka tena. Osborne naye aliona shaka, lakini hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wake alijaribu jambo hilo. Mwaka 1969 wawili hao, mwanafunzi na mwalimu wa chuo kikuu, walichapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza, na hata leo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Wataalamu wangali wanabishana. Wako wanaoeleza sababu hii na ile. Tena wako watafiti wa Uingereza ambao mwaka 2016 walipima wakasema hawakuliona jambo lenyewe. Ni sawa kabisa. Hiyo ndiyo sayansi: mtu akisema neno, hapigwi kicheko, hupimiwa. Lakini angalieni jambo moja, ndugu. Mpemba alipata jibu lake siku alipoikuta maabara iko wazi. Je, kama angekuta kufuli?

Hapa hatuna budi kujisema na sisi wenyewe. Kicheko kile cha darasani hakikubaki darasani. Tumekisikia katika mikutano yetu. Mwanachama huinuka akauliza fedha za mabati zimekwenda wapi, akaambiwa akae chini, ati hayo ni mawazo yake mwenyewe. Hiyo ni "fizikia ya Mpemba" nyingine. Mtoto aliyezoea kuzomewa anapouliza juu ya maziwa, akiwa mtu mzima hatauliza juu ya mabati. Mkoloni alipenda raia wa namna hiyo. Sisi hatumtaki.

Tunajua pia udhuru utakaotolewa: vifaa hakuna, maji hakuna, walimu wa sayansi ni wachache. Ni kweli, na Serikali yetu yapasa ikumbushwe bila kuchoka. Lakini sisi tuliopita vyuo vya ualimu twajua kwamba udhuru nao hupimwa. Chemsha maua mekundu ya choya. Maji yake yatie limau, yatazidi wekundu. Yatie magadi, yatageuka rangi na kuelekea kijani. Hilo ni somo la asidi na alikali, na gharama yake ni ya gengeni. Maji je? Paa la maabara lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 lina mita za mraba 60. Ikinyesha mvua ya milimita 20 tu, paa hilo hupokea lita 1,200, yaani mapipa sita ya lita 200. Tukiwapa wanafunzi hesabu hii, kisha tukawapa mfereji wa bati na mapipa, watakuwa wamejifunza fizikia na maabara itakuwa imepata maji. Madawa ya hatari na yafungiwe kabatini, na hilo ni haki. Lakini kabati ni kitu kimoja na mlango wa maabara ni kitu kingine.

Tusiwasahau mabinti. Tumeona chama cha sayansi cha shule kikikutana saa za jioni, wavulana wakibaki na nyaya na betri zao, wasichana wakiharakisha nyumbani kuchota maji na kupika. Kisha tunasema ati wasichana hawapendi fizikia! Wazazi tuliomo katika Chama ndio tunaowaita nyumbani. Basi sisi ndio tunaoweza kuwaachia jioni moja kwa juma, na kaka zao wakashika ndoo.

Twayapendekeza haya kwa kila tawi. Kwanza, katika taarifa zetu tuache kuhesabu vyumba. Tuhesabu watoto walioshika chombo kwa mikono yao katika muhula. Pili, kamati ya tawi iende shuleni kwa heshima, ikakae na mkuu wa shule, ikamwondolee hofu: kioo kikivunjika katika kazi, wazazi tutachangia kingine. Tatu, maabara iwe wazi Jumamosi asubuhi, na fundi wa baiskeli na fundi wa redio waalikwe, maana nao wana sayansi mikononi. Nne, mwalimu wa sayansi aliye mgeni katani atafutiwe nyumba nzuri ya kukaa, asije akatukimbia.

Hakuna katika haya linalohitaji amri kutoka juu. Saruji tuliitoa sisi, mchanga waliubeba mama zetu. Hatukuubeba ili mahindi yapate ghala. Jumatatu ijayo, mwanachama, pita shuleni uulize: ufunguo uko kwa nani? Ukichekwa, uliza tena.