BEI YA CHUMBA SIYO BEI YA KULALA

Wahenga walinena kwamba rahisi huwa ghali, na neno hilo hupata ushahidi mpya kila mwaka wa Imbalu. Sherehe hizo za kutahiri vijana wa Kimasaba hufanyika katika miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024, nazo huzinduliwa mwezi wa Agosti huko Mutoto, karibu na mji wa Mbale. Ndipo wana wa nchi walio mbali hurudi kwao, na vitanda huwa haba.

Mathalani, sajini aliye kambini Jinja amepata likizo fupi. Kwao ni Busiu, kando ya barabara itokayo Tororo kwenda Mbale. Nyumba ya wazee imekwisha kujaa wajomba na mashangazi, hata hapana mahali pa kumlaza mkewe na mtoto. Usiku, baada ya zamu, anafungua intaneti katika simu yake na kuona chumba mjini Mbale. Bei ya zamani, shilingi 120,000, imepigwa mstari, na chini yake imeandikwa 80,000. Kwa siku mbili anahesabu 160,000, naye anajiona ameokoa fedha za viatu vya shule vya mtoto.

Furaha hiyo ni ya ukurasa wa kwanza tu. Katika ukurasa wa mwisho pameongezwa kodi na ada ya huduma, shilingi 36,000. Afikapo mapokezi anaelezwa kwamba chai ya asubuhi hulipiwa mbali: watu wawili kwa asubuhi mbili, 40,000. Kitanda cha mtoto nacho ni 30,000. Jumla imekuwa 266,000. Kumbe nyumba ya wageni pale pale Busiu, isiyotangazwa popote, ingewapokea wote watatu kwa 120,000 kila usiku, pamoja na chai na kitanda cha mtoto, yaani 240,000. Punguzo limemtia hasara ya 26,000. Hesabu hii ni ya mfano, lakini ada za namna hiyo zimewakuta wasafiri wengi.

Si kila nyongeza ni hila. Nchini Uganda, sheria ya serikali za mitaa iliyorekebishwa mwaka 2008 iliweka kodi ya hoteli, na mwenye hoteli huikusanya kwa mgeni kwa niaba ya mji au wilaya. Ubaya ni kuificha nyongeza hadi msafiri amekwisha kuchoka, begi begani na mtoto mgongoni. Sababu yake ni wazi. Katika orodha za intaneti, msafiri aghalabu hutazama kwanza bei iliyo ndogo. Kwa hiyo mfanyabiashara akizitenga ada zake kando, chumba chake huonekana rahisi kuliko cha jirani aliyesema kweli.

Mataifa mengine yameliona jambo hili. Huko Australia, mwaka 2022, mahakama iliitoza kampuni ya Trivago dola milioni 44.7 za nchi hiyo kwa kuwapotosha wasafiri. Mojawapo ya makosa yake ilikuwa kulinganisha bei ya chumba cha kawaida na bei ya chumba cha anasa, ili punguzo lionekane kubwa. Uingereza ilipiga marufuku bei za kudondoshwa kidogo kidogo kuanzia Aprili 2025, na mwezi wa Mei mwaka huo huo Marekani ikawaamuru wenye hoteli waonyeshe mapema jumla ya bei pamoja na ada zao za lazima.

Kwa askari kuna hatari moja zaidi. Vyumba vya punguzo mara nyingi huuzwa kwa sharti kwamba fedha hazirudishwi. Raia aweza kupanga safari yake akaitimiza. Lakini askari, amri ikitoka usiku, likizo imefutwa. Chumba kitabaki kitupu na fedha zimekwenda. Heri alipe zaidi kidogo kwa chumba kinachoweza kufutwa bila kutozwa. Aidha, bei ikiandikwa kwa dola, hapana budi kukumbuka kwamba benki hubadili fedha kwa kiwango chake, na huenda ikatoza ada juu yake.

Dawa ya yote haya ni swali moja, nalo mama wa nyumba aweza kuliuliza kwa simu kabla ya kutuma hata senti: "Ndugu, sisi ni watu wazima wawili na mtoto mmoja, kwa siku mbili. Pamoja na kodi, huduma, chai na kitanda cha mtoto, mpaka tunaondoka tutalipa jumla ya shilingi ngapi? Na tusipofika, fedha zitarudi?" Jibu na liletwe kwa maandishi, likahifadhiwe simuni, na malipo yafuatwe na stakabadhi. Ndipo jumla hiyo ilinganishwe na jumla ya hoteli nyingine, wala si bei ya tangazo na bei ya tangazo.

Mali bila daftari huisha bila habari. Fedha ya likizo ni jasho la miezi mingi ya zamu; yafaa imfikie mtoto miguuni, isipotelee mapokezi.