Mtambo Unaokula Kuliko Kuku

Wiki hii naweka pembeni stori za mapenzi. Nina msiba wa vifaranga.

Hapa Njiro mama yangu anafuga kuku wa nyama. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na baridi ya Julai ya huku kwetu si mchezo. Umeme ukikatika usiku, taa ya banda inazima na mama kalala. Basi mimi na ujanja wangu nikachukua ubao wa Arduino Uno, kipima joto na king'ora kidogo, nikafunga betri ya volti 9. Joto likishuka, kelele! Nikajiona injinia kamili, japo shule yangu iliishia kidato cha nne.

Usiku wa kwanza shwari. Wa pili umeme ukakatika saa nane. Mtambo kimyaaa! Asubuhi tukaokota vifaranga 17. Mama akanitazama weee, akasema: "Mwanangu, huo mtambo wako unakula kuliko kuku."

Nikaenda kwa fundi redio mmoja wa Kilombero. Akaweka mita, akacheka. Ubao ule unavuta kama miliampia 50 muda wote, na kibetri chenyewe kina kama miliampia 500 za saa moja. Piga hesabu: saa kumi, kwisha habari! "Halafu dogo, hii taa ya kijani unamwashia nani usiku?" Tena karibu nusu ya nguvu ilipotea kwa kushusha volti 9 ziwe 5, ikageuka joto. Joto lenyewe vifaranga hawakulionja.

Dawa ilikuwa kuing'oa chipu, ATmega328P, nikaachana na ubao na mbwembwe zake. Sasa inakula moja kwa moja kwenye betri tatu za AA, haina taa, na mwendo wake ni megahezi 8 badala ya 16. Ila siri kubwa ni usingizi. Ikilala fofofo, ikabakiza kile kisaa cha ndani cha kuiamsha, inanusa maikroampia chache tu, kama sehemu moja kwa elfu kumi ya ule ulafi. Kila dakika hivi inaamka, inapima kwa sekunde moja, inalala tena. Banda halipoi kwa dakika moja, bwana. Kwa hesabu yangu betri zitavuka mwaka.

Hata kamera za TrailGuard za kunasa majangili, zilizojaribiwa Grumeti, jirani na Serengeti, zinalala hivyo mpaka kitu kipite. Wenyewe walitangaza mwaka 2019 kwamba betri inafika mwaka na nusu.

Mama kaingiza vifaranga wapya 100. Jumanne umeme ukakata saa tisa usiku, king'ora kikalia, tukakimbia na jiko la mkaa. Hakufa hata mmoja. Mama hajanisifu bado, ila jana nimemsikia anamtajia jirani bei ya mtambo.