Mkono au Usukani
Wiki hii mwaloni Mwigobero, Musoma, nimekuta boti ya uvuvi imefungwa usukani kama wa daladala, mwenyewe kaketi katikati anatazamwa. Jirani yake alikuwa tezini mwa boti yake, kashika mkono wa injini ya Yamaha ya farasi 15, kimya. Sisi wa Nyansurura tumezoea ng'ombe kuliko mawimbi, lakini hili nami naliona: gugumaji likinasa kwenye propela, kiganja husikia mtetemo papo hapo, mtu akainua mashine na kulinyofoa. Usukani una waya mrefu wa kushika kutu na kukwama. Nahodha wengi chombo huenda mrama. Vyuma vingi vilevile. Wabeba watalii wautumie. Kwa mtega sangara usiku, usukani ni pesa ya maringo, na katika boti ile ya usukani sikuona hata jaketi okozi moja.