MTEJA AELEZE, KINYOZI AELEWE

Wahenga walisema kwamba kinyozi hajinyoi. Kila mtu, awe mkubwa au mdogo, jenerali au kuruta, hana budi kuinamisha kichwa mbele ya mwenzake mwenye mkasi. Hata hivyo, wengi huketi kitini, hutamka neno moja tu, "Punguza," kisha hufumba macho. Wakiyafumbua, ugomvi huanza. Aghalabu kosa si la mkono wa kinyozi, bali ni la maneno yaliyopungua.

Nchini Uganda jambo hili lina uzito wake. Askari aliyezaliwa Arua huenda akawa msemaji wa Kilugbara, naye kinyozi wake wa Kampala akawa msemaji wa Kiganda. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, lakini kila mmoja amekijua kwa njia yake. Askari akisema, "Nywele kidogo tu," yeye akusudia ziondolewe kidogo, ilhali kinyozi aweza kufahamu kwamba zibaki kidogo. Nywele za kichwani hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi. Basi mtu mwenye gwaride kesho, au harusi Jumamosi, hana muda wa kulisahihisha kosa hilo.

NAMBA NA SEHEMU ZA KICHWA

Dawa ya kwanza ni kutaja kipimo. Leo Wahl, wa mji wa Sterling, Illinois, nchini Marekani, aliomba hati ya uvumbuzi wa mashine yake ya umeme ya kunyolea mwaka 1919. Mashine za namna hiyo siku hizi huvikwa vitana vyenye namba. Kwa kawaida namba 1 huacha nywele za milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 kiasi cha milimita 10, na namba 4 kiasi cha milimita 13. Mashine isiyovikwa kitana hukaribia ngozi yenyewe. Kwa kuwa vitana vya watengenezaji mbalimbali havilingani sawasawa, na namba za vile vya zamani hufutika, yafaa mteja aombe kukiona kitana kabla hakijagusa kichwa.

Dawa ya pili ni kutaja sehemu. Kichwa kina utosi, pande mbili za masikio, kisogo, mstari wa mbele na sharafa. Kila sehemu yaweza kutaka kipimo chake. Mteja aliyejiandaa husema hivi: "Fundi, pembeni namba 1, utosini namba 3, mstari wa mbele uufuate ulivyo, na kisogoni usitumie wembe." Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika. Mstari wa mbele utajwe hasa, kwani kinyozi autafutaye unyofu huusogeza nyuma kidogo kidogo, hata paji la uso likaonekana pana kuliko lilivyoumbwa.

Asiyejua namba aonyeshe picha yake mwenyewe ya siku aliyonyolewa vizuri. Picha ya mtu mwenye nywele za singa haimsaidii mwenye nywele za kipilipili. Tena, akiwa na shaka, aanze na namba kubwa na kujitazama katika kioo kabla kazi haijaisha. Nywele zilizobaki hupunguzwa. Zilizokwisha kukatwa hazirudishwi.

YASIYOONEKANA YASEMWE

Kuna mambo ambayo kinyozi hawezi kuyajua asipoambiwa. Nywele za kipilipili zikikatwa chini sana kwa wembe, ncha zake zaweza kujipinda na kuingia tena ndani ya ngozi, zikaleta vipele vyenye maumivu kidevuni na shingoni. Kisogoni vipele vya namna hiyo vyaweza kugeuka makovu magumu. Mwenye tabu hiyo aseme mapema, na aombe mashine iache nywele fupi badala ya kufuta kabisa. Askari ambaye kanuni za kazi zamtaka awe na kidevu safi amwone daktari wa kikosi mapema, kwani ngozi iliyooza kwa majeraha haina faida kwake wala kwa jeshi.

Hali kadhalika usafi wa vyombo si jambo la kuonea haya. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, tena katika tone la damu lisiloonekana kwa macho. Kwa hiyo mteja aombe wembe mpya ufunguliwe mbele yake, na mashine ifutwe nywele kisha isafishwe kwa spiriti. Kinyozi mwema hachukii kuombwa hivyo.

Mama amtumaye mtoto kwa kinyozi asimpe fedha tu, ampe na ujumbe. Mtoto humwogopa mtu mzima na hukubali kila aulizwalo. Akiwa na mapunye, asipelekwe kwa kinyozi kwanza, bali kituo cha afya, kwa maana kuvu hao huingia katika mashina ya nywele, na mafuta ya kupaka peke yake hayawamalizi. Mganga humpa dawa ya kumeza. Akinyolewa kabla ya hapo, mashine yaweza kuwaambukiza watoto wa nyumba nyingine.

HESHIMA PANDE MBILI

Liko jambo moja ambalo watu wa vikosi hawana budi kulifikiri. Kinyozi akiona sare mlangoni, mara nyingi huitikia, "Ndiyo, afande," hata kama hakuelewa, kwa kuhofu kwamba swali litahesabiwa kuwa ukaidi. Ndipo hukata kwa kubahatisha. Askari au polisi mwenye busara humwita "fundi," humweleza haja yake bila amri, kisha humwomba aieleze kama alivyoielewa. Yakitofautiana, hurekebishwa kwa maneno kabla ya chuma kuanza kazi. Kinyozi aliyepewa ruhusa ya kuuliza hukosea mara chache, na mteja wake hutoka akiwa amemlipa kwa moyo mweupe.