Pumzi Tunaisimulia, Hatuioni

Juzi rafiki yangu, mwalimu wa fasihi, kaniuliza swali jepesi: "Ile *Pumzi* ya Wanuri Kahiu naiangalia wapi nikiwa nyumbani?" Nikamjibu kwa kujiamini: nipe dakika tano. Dakika tano zikala usiku mzima.

Tunaongelea filamu ya dakika 20 na ushei. Kaitengeneza Mkenya, jina lake la Kiswahili, na kisa chake kiko Afrika Mashariki, miaka mingi baada ya vita vya kugombea maji. Humo hata jasho huchujwa likanywewa, na Asha anatoroka kwenda jangwani na mche mmoja. Mwaka 2010 ilionyeshwa Sundance. Wasomi wameiandikia makala chungu nzima.

Mimi nilipata nini? Vipande vya dakika moja moja. Nakala yenye ukungu iliyopakiwa na asiyejulikana. Huduma moja ikaniambia haipatikani nchini kwangu. Nyingine ikataka kadi ya benki na dola za mwezi mzima. Jamani, kwa filamu fupi kuliko foleni ya Mbagala!

Msiniambie nitazame ya wizi. Msanii haambulii kitu, na kazi ya namna hii husema kwa picha kuliko maneno. Ukiiona kwenye ukungu, hujaiona.

Lawama ya kwanza ni yetu waandishi. Tunasifia filamu tulizoziona usiku mmoja kwenye tamasha, kisha tunamwacha msomaji mlangoni. Uhakiki usiokaguliwa na msomaji ni umbea wenye tanbihi. Kuanzia leo, anayehakiki filamu fupi aseme inapatikana wapi na kwa bei gani. Kama haipatikani, aseme hivyo pia.

Lawama ya pili ni ya wafadhili na wasambazaji. Mkataba useme wazi: matamasha yakiisha, filamu ifunguliwe kwa watazamaji wa kwao, ilipiwe moja moja, kwa simu, kwa bei ya chai na chapati. Na maktaba za vyuo vyetu zipewe nakala. Ugumu uko wapi?

Jumatatu rafiki yangu kaingia darasani, kawasimulia wanafunzi filamu ambayo mwenyewe hajaiona. Wakaandika kwenye madaftari. Mwakani mmoja wao naye atakuwa mwalimu.