Lori halichoki, anayechoka ni dereva

Hapa Darsait, na kote Maskati, wapo miongoni mwetu wenye malori ambayo hawajawahi hata kuyapanda. Mtu hudunduliza riyali zake kwa miaka, akanunua kichwa na tela, akavipeleka Dar es Salaam au Mombasa na usimamizi akamkabidhi mdogo wake au shemeji yake. Siku hizi lori hufungwa kifaa cha kulifuatilia, na mwenyewe, akiwa amekaa barazani kwake baada ya sala ya Isha, huliona kwenye simu likitembea kama mdudu juu ya ramani. Mdudu akisimama, dereva hupigiwa simu papo hapo: "Kulikoni? Mbona umesimama?"

Sisi leo tunauliza kinyume chake: kwa nini asisimame? Dereva mmoja wa lori la masafa marefu, asiye na mwenziwe wa kupokezana usukani, anaweza kwenda kilomita ngapi kwa siku bila ya kuhatarisha roho yake na za wenziwe? Jibu la swali hili ndilo linaloamua bei ya mzigo, ahadi anayopewa mteja, na mara nyingine nani atazikwa kesho.

Tuanze na njia tunayoijua sote hapa. Kutoka Maskati hadi Salalah, kwa kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, ni kiasi cha kilomita 1,000. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni jangwa tambarare. Lori lililopakia likienda kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa, ambao ni wastani mzuri sana, linahitaji zaidi ya saa 14 za usukani mtupu, bila ya kula, kusali wala kutia mafuta. Kwa hiyo hata hapa, penye lami nzuri, safari ya Salalah kwa dereva mmoja ni ya siku mbili. Anayejigamba kuwa dereva wake huimaliza kwa siku moja anajigamba kwa jambo la kuonea haya.

Wenzetu walioko Ulaya na Marekani hawaachiwi kukisia. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2006 inamruhusu dereva saa 9 za kuendesha kwa siku, na 10 mara mbili tu kwa wiki. Baada ya saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kifaa ndani ya gari kinaandika kila dakika. Hesabu yake inakuja kiasi cha kilomita 600 hadi 650. Marekani sheria inaruhusu saa 11 za usukani ndani ya muda wa saa 14, kisha mapumziko ya saa 10 mfululizo. Kwa barabara zao zilizonyooka, dereva mzuri hupata maili 500 hadi 600, yaani kiasi cha kilomita 800 hadi 965, siku ambayo hakukwama mahali. Na huko wapo vijana wetu wengi wanaofanya kazi hiyo hiyo.

Sasa twende nyumbani. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi kidogo ya kilomita 900. Mombasa hadi Malaba nayo ni kiasi hicho hicho. Lori kubwa Tanzania linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, na likiingia kijijini ni 50, na vijiji vimepangana kando ya barabara kuu kama shanga. Kuna mizani za Vigwaza na Mikese, kuna kiasi cha kilomita 50 za mbuga ya Mikumi ambako wanyama wana haki ya kupita kwanza, na kuna mlima Kitonga, ambako lori moja likiharibika wote walio nyuma wanalala. Upande wa Kenya kuna mizani ya Mariakani, na mteremko wa Salgaa ambao umeshamaliza watu wengi.

Kwa hali hiyo, dereva atakayepata wastani wa kilomita 50 kwa saa ashukuru. Mara saa 9, ni kilomita 450, kiasi cha maili 280. Hicho ndicho kipimo cha kweli kwa mtu mmoja kwa siku moja katika barabara zetu. Tunduma ni siku mbili kamili na kipande. Lubumbashi, ambayo iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Dar es Salaam, ni siku tano za kuendesha, na hapo hatujahesabu foleni za Nakonde na Kasumbalesa. Na foleni si mapumziko. Anayesogeza lori mita kumi kila baada ya robo saa usiku kucha hakulala, hata kama kwenye ramani mdudu amesimama.

Saa 9 hatukuzitoa mfukoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na hata kwa kazi ya ziada mtu asizidishe saa 12 kwa siku. Inampa mfanyakazi saa 12 za mapumziko mfululizo kila siku. Lakini sheria humlinda mwenye mkataba mkononi. Tukumbuke Aprili na Mei 2015, madereva wa mabasi na malori walipogoma Tanzania nzima, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao.

Watu husema dereva mzoefu hashindwi na usingizi. Si kweli. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 24 utendaji wake hushuka sawa na wa mlevi mwenye kiwango cha 0.10 cha pombe katika damu. Na kwa mwendo wa kilomita 80, sekunde nne za kusinzia ni karibu mita 90 ambazo tani hamsini zimekwenda peke yake. Mirungi humfumbua dereva macho tu. Uchovu unabaki pale pale, ukingoja.

Tunajua hoja ya wenye malori. Mkopo hausubiri, mteja ana haraka, na dereva mwenyewe analipwa kwa safari, kwa hiyo ndiye anayetaka kukimbia. Hoja hii ina ukweli, na ndiyo maana tunasema kosa limo katika malipo. Ukimlipa mtu kwa safari tu, umemlipa asilale. Abiria wa basi la safari ndefu hupewa madereva wawili. Dereva wa lori hupewa utingo, ambaye mara nyingi hana leseni ya kumpokea.

Basi tunawaomba ndugu zetu wenye malori, wa hapa na wa kwingineko, wafanye mambo manne. Wamwandikie dereva mkataba wenye mshahara wa mwezi, posho iwe nyongeza. Wamwahidi mteja siku zinazotokana na kilomita 450, wala si zinazotokana na tamaa. Wanaotaka lori litembee usiku na mchana waajiri madereva wawili. Na kile kifaa cha kufuatilia wakitumie kinyume na wanavyokitumia sasa: wampigie simu dereva pale lori linapopitisha saa tisa likiwa bado linatembea.

Serikali zetu nazo zinaweza kufanya zaidi ya kupima uzito wa mzigo. Mizani zipo tayari, askari wapo, na vifaa vingi vimo ndani ya malori. Likisimamishwa lori kupimwa tani, aulizwe na dereva amelala lini.

Mzigo uliochelewa siku moja huleta maneno na hasara ya fedha, na fedha hutafutwa tena. Dereva ana mke na watoto wanaomngoja Mbagala, Changamwe au Tunduma, na hao hatuna cha kuwalipa.